Ua na Mtutu wa Bunduki

Askari ye yote aliyepata kupita katika kambi ya mafunzo anaijua bustani ya maua iliyo mbele ya chumba cha gadi. Mawe yake hupakwa chokaa kila Jumamosi, udongo wake hutifuliwa kabla jua halijachomoza, na ole wake kuruta atakayekatiza humo akiwahi gwaride. Katika chuo cha makadeti nilikosomea mimi, kifungo kimoja cha shati kilichosahauliwa kililipwa kwa ndoo 40 za maji, na maji yote yalimwagiwa maua. Sajenti wetu hakupata kutueleza kwa nini jeshi, ambalo kazi yake ni chuma na moto, litunze maua kwa bidii kama ile. Wala sisi hatukuthubutu kumwuliza. Jibu, au tuseme sehemu ya jibu, nililikuta miaka mingi baadaye katika kazi za wachoraji na wachongaji wa zamani.

Wapo wanaodhani kwamba kuchora maua ni kazi ya watu laini walioukimbia mshindo wa dunia. Historia haikubaliani nao. Tangu enzi za Mafarao mpaka zama zetu, ua katika sanaa limesimama mara nyingi karibu na askari. Pengine yeye mwenyewe alilibeba kutoka vitani. Pengine liliwekwa juu ya kaburi lake. Na pengine lilichorwa juu ya silaha iliyokusudiwa kumwua yeye mwenyewe aliyeiendesha. Kwa hiyo askari anayo haki, kuliko mtazamaji mwingine, ya kuuliza kila aonapo ua lililochorwa: ni nani aliyeliweka pale, na alitaka nani afanye nini?

Tuanze na jemadari. Thutmose wa Tatu, Farao wa Misri katika karne ya 15 kabla ya Kristo, aliongoza majeshi yake mara nyingi kwenda Palestina na Syria, na ushindi wake wa Megiddo ungali unasomwa na wanafunzi wa mbinu za vita. Katika hekalu kubwa la Karnak makarani wake walichonga ukutani orodha ya ngawira za Megiddo, miongoni mwake farasi 2,041 na magari ya vita 924. Lakini humo humo Karnak, katika jengo alilolijenga kwa ajili ya sherehe zake, kipo chumba ambacho kuta zake hazina farasi wala mateka. Zimechongwa majani, maua, matunda na ndege, na maandishi yanaeleza kwamba ndiyo mimea aliyoikuta mfalme katika nchi ya Syria mwaka wa 25 wa utawala wake. Wataalamu wa siku hizi wameitambua baadhi ya mimea hiyo, na mingine imewashinda. Jemadari yule aliona kwamba ua la nchi ya kigeni lastahili kuandikwa ukutani sawa na gari la vita lililotekwa. Ilikuwa ngawira, naam, lakini ilikuwa pia ushuhuda kwamba alikuwa ameyafumbua macho yake njiani. Na maofisa wangapi hurudi kutoka safari ya kikosi wasiweze kueleza mti mmoja waliolala chini yake?

Wamisri walilipenda zaidi yungiyungi la majini, ambalo hufunguka asubuhi na kujifunga baadaye mchana, nao wakaliona kuwa mfano wa maisha yanayorudi baada ya giza. Ndiyo sababu linaonekana katika michoro ya makaburi yao, wageni wa karamu wakilisogeza puani. Kaburi la Tutankhamun lilipogunduliwa mwaka 1922, dhahabu ndiyo iliyoushangaza ulimwengu. Lakini pamoja na dhahabu hiyo yalikutwa mashada ya maua halisi yaliyokauka, na shada moja dogo lilikuwa limewekwa juu ya paji la uso katika jeneza lake. Dhahabu iliwekwa na serikali. Shada lile dogo mtu hupenda kuamini kwamba liliwekwa na mkono wa mtu aliyempenda.

Kutoka Misri nakuomba, ndugu msomaji, uvuke nami bara zima la Asia na karne nyingi, mpaka China ya mwaka 1279, kwa kuwa huko ndiko ua lilikopewa kazi nzito kuliko zote nilizozijua. Mwaka ule utawala wa ukoo wa Song ulianguka mbele ya majeshi ya Wamongoli. Msomi mmoja aliyeitwa Zheng Sixiao, aliyezaliwa mwaka 1241, hakuwa na jeshi wala cheo cha kuyazuia. Alikuwa na wino na burashi. Akaendelea kuchora maua ya okidi, ambayo kwa Wachina ni alama ya mtu mwenye heshima asiyehitaji kusifiwa. Ila okidi zake alizichora bila udongo. Majani yanapinda hewani, ua linachanua, na chini yake hakuna kitu. Inasimuliwa kwamba watu walipomwuliza udongo uko wapi, aliwajibu kwa mshangao: hawajui kwamba wageni wamekwisha kuiiba ardhi yote?

Inasimuliwa pia kwamba ofisa mmoja wa utawala mpya aliyetamani mchoro wake alimtisha kwa kodi ya mashamba. Zheng akamjibu kwamba kichwa chake angeweza kukichukua, lakini okidi zake hapana. Mchoro wake mmoja wa mwaka 1306 umesalia na umehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Osaka, Japani. Ni mdogo, hauna rangi ila nyeusi ya wino, na mtu asiyejua habari zake angeupita haraka. Nawaambia wale wanaolinda mipaka kwamba hakuna ramani wala hotuba inayoeleza maana ya kupoteza nchi kwa uchache wa maneno kama mchoro ule.

Tulipu ni ua la tabia nyingine kabisa, nalo limesafiri pamoja na majeshi na biashara. Katika dola ya Waturuki wa Osmani lilipandwa katika bustani za masultani na kuchorwa juu ya vigae, mazulia na nguo. Mahali linapoonekana kwa wingi ni msikiti wa Rüstem Pasha mjini Istanbul, uliojengwa katika miaka ya 1560, ambao kuta zake zimefunikwa vigae vya Iznik vyenye tulipu nyekundu na za buluu. Fundi aliyeujenga ni Sinan, naye, wasomaji wangu watafurahi kusikia, alikuwa mwenzetu. Alianza maisha yake ya utumishi kama askari wa Janissari, akapigana Rhodes mwaka 1522 na Mohács mwaka 1526, na mwaka 1538 akalijengea jeshi daraja juu ya mto Prut. Ndipo akapandishwa kuwa mkuu wa wajenzi wa Sultani. Kwa kuwa ndani ya msikiti haziwekwi sanamu za viumbe wenye roho, ua ndilo lililobeba furaha yote ya mchoraji. Msomaji aliyepata kutumikia pwani ya Afrika Mashariki, iwe Lamu, Mombasa au Unguja, ameliona jambo hilo hilo kwa macho yake katika milango ya mbao iliyochongwa maua na mizabibu kutoka juu hadi chini.

Kutoka kwa Waturuki tulipu ilifika Ulaya. Mwaka 1593 mtaalamu wa mimea aliyeitwa Clusius aliipanda katika bustani ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, wakati Waholanzi walipokuwa katikati ya vita vya miaka 80 dhidi ya Wahispania. Vita hivyo ndivyo vilivyowasukuma wachoraji wengi kutoka kusini kwenda kaskazini. Miongoni mwao alikuwa Ambrosius Bosschaert, aliyezaliwa Antwerp mwaka 1573. Mji ule ulitekwa na Wahispania mwaka 1585, na wazazi wake, waliokuwa Waprotestanti, wakahamia Middelburg. Kwa maneno mengine, alikuwa mtoto wa wakimbizi. Mtoto huyo akawa miongoni mwa wa kwanza Ulaya kufanya ua pekee kuwa somo la picha nzima, bila mtakatifu wala malkia mbele yake.

Picha yake mashuhuri, iliyochorwa kiasi cha mwaka 1618 na kuwekwa katika jumba la Mauritshuis mjini The Hague, ni ya chombo cha maua kilichosimama dirishani. Itazame kama mlinzi anavyotazama kitu asichokiamini. Maua yale hayachanui mwezi mmoja. Ya majira ya kuchipua yako pamoja na ya kiangazi. Hapana mtu aliyepata kuliona shada lile. Mchoraji alikuwa akilichora kila ua kwa wakati wake, akahifadhi michoro, kisha akayakusanya yote katika chombo kimoja. Kwenye kizingiti cha dirisha ameweka kombe za bahari za mbali, na nyuma ni nchi tulivu inayopotelea katika ukungu wa buluu. Baadhi ya majani yametobolewa na wadudu. Picha hiyo ilichorwa wakati wa mapatano ya kusimamisha vita kwa miaka 12, yaliyoanza 1609 na kumalizika 1621, vita vikaanza upya. Kumbe amani ile nayo ilikuwa shada la namna hiyo hiyo: iliyokusanywa kwa ustadi, nzuri mno kutazama, na matundu yamekwisha kuonekana majanini.

Kuhusu wazimu wa biashara ya tulipu nitapita upesi, maana umesimuliwa sana. Tulipu zilizothaminiwa kuliko zote zilikuwa zile zenye michirizi kama ndimi za moto, na katika karne ya 20 ikaja kugunduliwa kwamba michirizi ile ilitokana na ugonjwa wa virusi ulioenezwa na vidukari. Kitunguu kimoja cha aina adimu kiliweza kuuzwa kwa fedha zilizozidi mshahara wa fundi stadi wa miaka kadhaa. Mwezi wa Februari 1637 bei zikaporomoka. Waliokuwa wamenunua picha ya ua badala ya ua lenyewe, hao walibaki na kitu mkononi.

Sasa twende Japani, ambako ua na upanga vilikaa nyumba moja kwa karne nyingi, na ambako nitakaa kidogo zaidi kwa sababu habari zake zinatuhusu sisi tuvaao sare kuliko za mahali pengine po pote.

Toyotomi Hideyoshi alikuwa mtu wa ukoo wa chini aliyepanda kwa ujuzi wa vita mpaka mwaka 1590 akaiunganisha Japani yote chini ya amri yake. Mwaka uliofuata mwanawe Tsurumatsu akafariki angali mtoto mdogo. Hideyoshi akaamuru lijengwe hekalu la kumkumbuka, na kazi ya kulipamba akampa Hasegawa Tōhaku na mwanawe Kyūzō. Kyūzō akachora mcheri uliochanua juu ya karatasi za dhahabu, kila ua likiumbwa kwa unga mweupe wa kombe uliopakwa mnene hata likainuka juu ya uso wa picha. Mwaka 1593 Kyūzō naye akafariki, akiwa na umri wa miaka 26. Baba zake Tōhaku akachora mmepuli wa majira ya majani kupukutika. Picha hizo mbili zimehifadhiwa pamoja katika hekalu la Chishaku-in mjini Kyoto, baba na mwana. Na Hideyoshi, ambaye kifo cha mtoto mmoja kilimliza kiasi hicho, mwaka 1592 alituma askari zaidi ya 150,000 kuishambulia Korea. Sijui mchoraji ye yote aliyewachorea maua watoto wa wale waliokwenda huko.

Mcheri huchanua siku chache tu, na petali zake huanguka zingali mbichi, kabla ya kunyauka. Kwa muda mrefu Wajapani waliuimba na kuuchora kama alama ya uzuri na ya maisha yapitayo upesi. Lakini jeshi la dola ile, tangu mwisho wa karne ya 19, liliigeuza maana hiyo polepole: petali inayoanguka ikawa ni askari kijana, na kuanguka kwake kukawa ni fahari. Ua lingine, krisanthemo lenye petali 16, lilikuwa nembo ya Mfalme, nalo lilipigwa mhuri juu ya chuma cha bunduki za jeshi kuonyesha kwamba silaha ni mali yake. Wazee wetu wa King's African Rifles waliokuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopita Bonde la Kabaw kule Burma katika mvua za mwaka 1944 na kuuvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba, walielekezewa bunduki zenye ua hilo. Japani iliposalimu amri mwaka 1945, bunduki nyingi zilikwaruzwa ua lile kwa tupa kabla ya kukabidhiwa. Ukiziona leo katika majumba ya makumbusho, mahali pa ua pana kovu.

Ua la mcheri lilikuwa na hatima mbaya zaidi. Mwezi wa Oktoba 1944 vilipoundwa vikosi vya kwanza vya marubani wa kujitoa mhanga, kimoja kilipewa jina la mcheri wa mlimani. Mwaka uliofuata ikatumiwa silaha iliyoitwa Ohka, yaani ua la mcheri: bomu la kilo 1,200 lililotiwa mabawa na roketi, na mtu akafungiwa ndani yake aliongoze mpaka mwisho. Lilibebwa chini ya tumbo la ndege kubwa na kuachiliwa karibu na shabaha. Halikuwa na magurudumu, kwa kuwa halikukusudiwa kutua. Ubavuni mwake palichorwa ua la mcheri la rangi ya waridi, kwa nadhifa, na mtu aliyejua kazi yake. Wamarekani waliliita bomu hilo kwa neno la Kijapani lenye maana ya mpumbavu. Nami naona hawakutenda haki, maana upumbavu haukuwa wa kijana aliyekuwa ndani. Wengi wa marubani wa aina hiyo walikuwa wanafunzi wa vyuo vikuu waliotolewa madarasani.

Ipo picha ya kamera ya mwezi wa Aprili 1945 kutoka uwanja wa ndege wa Chiran. Wasichana wa shule wamesimama mstari kando ya njia ya ndege wakipunga matawi ya mcheri yaliyochanua, na rubani anaondoka. Sisi wa kazi ya uhusiano tunajua jinsi picha nzuri ilivyo na nguvu. Naitazama picha ile nami nakiri kwamba ni nzuri, na uzuri wake ndio unaonitisha.

Kabla ya kuondoka Japani nitaje kifo cha ua moja lisilo na hatia. Mwezi wa Agosti 1888 Mholanzi Vincent van Gogh, akiwa Arles, kusini mwa Ufaransa, alichora picha kadhaa za alizeti kwa ajili ya kupamba chumba cha rafiki yake. Moja ilinunuliwa na Mjapani na kupelekwa Ashiya, karibu na Osaka. Iliteketea huko kwa moto wa mabomu ya ndege za Marekani, usiku wa kuamkia tarehe 6 Agosti 1945, siku ile ile iliyoangamia Hiroshima.

Turudi nyuma kidogo, kwenye vita vya kwanza vya dunia, tumwone mtu aliyechora maua huku akiisikia mizinga. Claude Monet alikuwa na umri wa miaka 73 vita vilipoanza. Mke wake alikuwa amekufa mwaka 1911 na mwanawe mkubwa mapema mwaka 1914. Mwanawe aliyesalia akaandikishwa jeshini. Katika kijiji cha Giverny, magharibi ya Paris, alikuwa amechimba kidimbwi na kupanda ndani yake yungiyungi. Wengi walikimbia. Yeye akaandika kwamba ikimpasa kuuawa, basi atauawa katikati ya picha zake. Akajijengea chumba kikubwa cha kazi na kuendelea kuchora maji na maua, turubai za urefu wa mita mbili kwenda juu.

Je, ilikuwa ni ushujaa au ubinafsi? Swali hilo alijiuliza mwenyewe, na ndiyo sababu namheshimu. Mwezi wa Desemba 1914 alimwandikia rafiki yake kwamba aliona haya kidogo kushughulika na maumbo na rangi wakati watu wengi wanateseka na kufa. Aliona haya, na hakuacha. Mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa sahihi tarehe 11 Novemba 1918. Kesho yake Monet alimwandikia rafiki yake Georges Clemenceau, Waziri Mkuu aliyekuwa pia Waziri wa Vita, akitoa picha mbili kwa taifa kama mchango wake katika ushindi. Baada ya siku chache Clemenceau alikuwa Giverny, na zawadi ya picha mbili ikakua mpaka ikawa vyumba viwili vizima.

Kazi hiyo ilimchukua maisha yote yaliyobaki. Macho yake yaliingia mtoto wa jicho, akapasuliwa mwaka 1923, akakasirishwa na rangi alizoziona, akafuta na kuchora tena. Alifariki tarehe 5 Desemba 1926. Inasimuliwa kwamba Clemenceau alipoona jeneza limefunikwa kitambaa cheusi, alikiondoa akaweka kitambaa cha maua. Mwezi wa Mei 1927 vyumba vile vilifunguliwa katika jengo la Orangerie mjini Paris: vyumba viwili vya umbo la yai, na kuta zake zimezungukwa na maji na maua kwa urefu unaokaribia mita 100. Hakuna bendera, wala farasi wa jemadari, wala orodha ya mapigano. Wako maofisa wenzangu watakaosema hiyo siyo kumbukumbu ya vita. Mimi nasema mtu aliyekaa miezi katika handaki la Verdun hakuhitaji kuchorewa handaki.

Katika karne hiyo hiyo ua likaja kukutana na mtutu uso kwa uso. Tarehe 21 Oktoba 1967 umati wa watu wanaopinga vita vya Vietnam uliandamana mpaka Pentagon, makao makuu ya ulinzi ya Marekani, na ukakuta mstari wa askari wenye bunduki. Picha mbili za siku ile zimesambaa dunia nzima. Katika moja, iliyopigwa na Mfaransa Marc Riboud, msichana amelishika ua mbele ya singe. Katika nyingine, ya Bernie Boston, kijana anachomeka karnesheni katika mitutu, moja baada ya nyingine. Watu wote humtazama msichana na kijana. Nakushauri, wewe polisi uliyepata kusimama mstari wa kwanza mbele ya umati, uwatazame askari. Mikono yao haikuteleza kwenye kifyatulio, na bila hao picha zile zingekuwa za namna nyingine.

Miaka saba baadaye, tarehe 25 Aprili 1974, mambo yaligeuka: ua liliwekwa katika mtutu na askari mwenyewe. Maofisa vijana wa jeshi la Ureno, waliochoshwa na miaka 13 ya kupigana Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji katika vita walivyoona haviwezi kushindwa kwa bunduki, waliingiza magari ya deraya Lisbon na kuiangusha serikali ya kidikteta. Celeste Caeiro, mfanyakazi wa mgahawa uliokuwa uadhimishe mwaka wake wa kwanza siku ile, alirudishwa nyumbani na maua ya sherehe iliyoahirishwa. Njiani askari akamwomba sigara. Hakuwa nayo; akampa karnesheni, na askari akaitia katika mtutu wa bunduki yake. Wengine wakafuata. Siku ile haikupita bila damu, maana polisi wa siri waliwafyatulia watu risasi na kuua wanne. Lakini jeshi halikuwapiga wananchi. Ua lile likaingia katika mabango, na mchoraji mkubwa wa Kireno, Maria Helena Vieira da Silva, aliyeishi Paris, alichora mabango ya kuisherehekea siku ile. Kwa wapiganaji wa FRELIMO waliofunzwa Nachingwea, Tanzania, matokeo yake yalikuwa mapatano ya Lusaka ya Septemba 1974 na uhuru wa Msumbiji tarehe 25 Juni 1975.

Nimeliacha ua moja nyuma kwa makusudi. Ni mpopi mwekundu wa mashamba ya Ubelgiji na Ufaransa. Mbegu zake zaweza kulala ardhini miaka mingi mpaka udongo uvurugwe ndipo ziote, na mizinga ya mwaka 1914 na kuendelea iliuvuruga udongo kuliko jembe lo lote. Daktari wa jeshi la Kanada, John McCrae, aliuandikia shairi mwaka 1915 baada ya kumzika rafiki yake, na kutoka hapo ukawa alama ya wafu wa vita. Mwaka 1922 Meja George Howson alifungua London kiwanda cha kutengeneza mipopi ya bandia, akawaajiri askari walemavu. Ua lenyewe lilibuniwa ili hata mwenye mkono mmoja aweze kuliunganisha.

Mwaka 2014 Paul Cummins, fundi wa udongo, na Tom Piper, mbunifu wa majukwaa, waliujaza mtaro unaozunguka ngome ya Tower of London mipopi 888,246 ya udongo wa kuchomwa, kila moja kwa askari mmoja wa Uingereza na makoloni yake aliyekufa katika vita ile. Mamilioni ya watu walikwenda kuitazama. Ilikuwa kazi kubwa, na asiyeguswa nayo moyo wake ni mgumu. Lakini hesabu ya maua hufuata vitabu vya majina. Katika vita vya Afrika Mashariki, vilivyoanza Agosti 1914 na kumalizika Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja, na hata kwa hesabu za wakubwa wenyewe waliokufa hawakupungua 95,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Jina lao, Carrier Corps, limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Majina yao wenyewe kwa sehemu kubwa hayakuandikwa. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa.

Mwezi wa Januari 2025, katika bustani ya zamani iitwayo Company's Garden mjini Cape Town, ilifunguliwa kumbukumbu ya watu wa kazi wa Afrika Kusini, zaidi ya 1,700, waliokufa katika vita ile wakilitumikia jeshi bila kubeba silaha, ambao kwa zaidi ya miaka 100 hawakuwa na kaburi linalojulikana wala jiwe. Wabunifu hawakuwachongea mpopi wala ua lingine lo lote. Wamesimamisha nguzo za mti wa mvule, moja kwa kila mtu, na juu ya kila nguzo limeandikwa jina lake.